Mwalimu, Inawashiwa Wapi?

Jumanne moja ya mwezi Agosti, saa tano kasoro asubuhi, umeme ulikatika katikati ya kipindi cha kompyuta cha kidato cha nne, ukapotea kwa dakika saba hivi, kisha ukarudi. Mashine zote 26 zilikuwa zimezimika kwa pamoja, kwa sababu betri za UPS zetu, vifaa vya kushikilia umeme kwa muda unapokatika, zimechoka na nyingi haziwezi kubeba mzigo hata kwa dakika moja. Wanafunzi 52 walikuwa wamekaa wawili wawili mbele ya vioo vyeusi, mikono mapajani, wakisubiri. Mwalimu wa somo alikuwa ametoka kidogo kwenda ofisi ya taaluma. Mimi, mtaalamu wa TEHAMA wa shule, nilikuwa nimeinama pembeni nikikagua taa za kifaa cha mtandao, nikasema bila hata kugeuka: “Haya, washeni mashine tuendelee.”

Hakuna aliyewasha.

Nilidhani hawakunisikia, nikarudia. Ndipo binti mmoja wa safu ya pili, miongoni mwa wale wanaoongoza darasa katika karibu kila mtihani, akanyoosha mkono na kuuliza kwa sauti ya adabu: “Samahani mwalimu, inawashiwa wapi?”

Kila aliyewahi kusoma au kufanya kazi shuleni anajua mwanafunzi wa kidato cha nne akiuliza swali la namna hiyo mbele ya wenzake hupata nini. Huchekwa, tena jina la utani linaweza kuzaliwa palepale na kumfuata hadi mahafali. Siku ile nilisubiri kicheko hicho, nikawa nimeshajiandaa kukikemea.

Hakikuja.

Kimya kile ndicho kilichonifuata hadi nyumbani Pasua, hapa Moshi, jioni ile, na kimekaa nami kwa wiki zote hizi. Kama angekuwa yeye peke yake asiyejua, wangemcheka. Walinyamaza kwa sababu wengi wao walikuwa wakilisubiri jibu kama yeye.

## Meza niliyowaandalia

Inanipasa nieleze jinsi mambo yalivyofika hapo, maana hayakufika kwa uvivu. Mashine zetu nyingi ni za msaada, zimekwisha kutumika ofisini Uingereza kabla ya kuletwa kwetu, zina prosesa za zamani za Core 2 Duo na kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ya gigabaiti 2, na zinatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Mashine ya namna hiyo, yenye diski ngumu iliyochoka, huweza kuchukua dakika tano au zaidi tangu ibonyezwe hadi iwe tayari kufanya kazi. Katika kipindi cha dakika 40, dakika tano ni nyingi. Kwa hiyo tangu nilipoajiriwa nilijiwekea utaratibu wa kufika saa moja kasoro robo, kuwasha swichi kuu ya ukutani, kisha kupita safu kwa safu nikiwasha mashine moja baada ya nyingine, ili darasa la kwanza likiingia likute kila kitu kiko tayari.

Mwisho wa siku niliwaambia waache mashine kama zilivyo. Nilizizima mwenyewe, kwa mpangilio, nikiogopa kwamba mwanafunzi mwenye haraka ya kuwahi chakula angebonyeza tu kitufe hadi izimike kwa nguvu na kuharibu faili za mfumo. Baada ya hapo nilizifunika kwa vitambaa, nikazima swichi kuu, nikafunga mlango kwa kufuli mbili.

Niliamini kwamba huo ndio utumishi mwema. Wageni wa shule walipoletwa kukagua chumba, walisifu usafi wake, na mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeridhika.

Lakini ukimwandalia mtu meza, ukamkatia nyama, ukamtilia tonge mdomoni, kisha ukamwondolea sahani, huwezi kushangaa siku utakapomwambia apakue mwenyewe akakutazama tu. Mwanafunzi aliyeanza somo la kompyuta katika kidato cha kwanza na kufika cha nne katika chumba changu alikuwa hajawahi kuiona kompyuta ikiwa imezimwa. Aliikuta inawaka, akaiacha inawaka.

## Hesabu ya saa 14

Jumatano yake nilichukua daftari la chumba, ambamo huandika kila kipindi kilichofanyika, nikakaa nalo. Darasa lile lina vipindi viwili vinavyofuatana kwa wiki, yaani dakika 80. Kuvua viatu, kuita majina, kusubiri maelezo ya ubaoni na kuvaa viatu tena huchukua dakika 20 bila kuzidisha neno. Zinabaki dakika 60, na kwa kuwa wanakaa wawili kwa mashine moja, kila mmoja anashika kibodi kwa dakika 30, ikiwa mwenzake ni mwungwana. Nikaondoa wiki za mitihani, sikukuu, siku za michezo na siku zisizo na umeme. Mwaka uliotangulia nilikuta wiki 28 ambazo kipindi kilifanyika kweli.

Dakika 840.

Hizo ni saa 14 kwa mwaka mzima. Basi linalokwenda Dar es Salaam na kurudi Moshi hukaa barabarani muda mrefu kuliko huo. Kwa saa 14 kwa mwaka tunatarajia kijana aingie kwenye mtihani wa taifa, ambao kwa somo hili una karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo, aketi mbele ya mashine asiyoijua, na atende.

Nikatazama pia upande wa pili wa daftari hilohilo. Chumba hakikuwahi kufunguliwa kwa zaidi ya saa 11 katika wiki yoyote. Jioni kimefungwa. Jumamosi kimefungwa, ingawa wanafunzi wa bweni wapo, wanafua, wanazunguka uwanjani, na wengine wamewahi kuja kunibishia hodi ofisini kuuliza kama wanaweza kufanya mazoezi ya kuchapa. Nakumbuka majibu niliyowapa. Nilisema kuna matengenezo. Mara nyingine yalikuwapo kweli, mara nyingine hayakuwapo.

Neno hilo, “matengenezo”, limenisumbua kuliko mengine yote niliyoyakuta katika kumbukumbu zangu.

## Mwaka 2008

Kuna jambo la pili lililotokea Jumanne ile, nililolipuuza kwa sababu bado nilikuwa nimeduwaa na lile la kwanza. Baada ya kuwaonyesha vitufe na mashine kuanza kuwaka, baadhi ya vioo vilisimama kwenye maandishi meupe ya onyo yanayotaka ubonyeze kitufe cha F1. Wanafunzi hawakuwahi kuyaona maandishi hayo. Mimi nilikuwa nikiyaona kila asubuhi kwenye mashine tisa, nikibonyeza F1 na kurekebisha tarehe kabla hawajaingia, kama mtu anayefagia uani kabla wageni hawajaamka.

Binti yuleyule aliniita. “Mwalimu, hii inasema leo ni tarehe 1 Januari 2008. Ndio mwaka niliozaliwa mimi.”

Nilimwambia ni hitilafu ndogo. Baada ya dakika chache akaniita tena: kivinjari kilikuwa kinakataa kufungua tovuti aliyoelekezwa na mwalimu, kikidai muunganisho si salama, ilhali mashine ya jirani yake ilikuwa imefungua tovuti hiyohiyo. Akauliza, na hapa nanukuu kwa sababu maneno yake ninayakumbuka vizuri: “Je, inaweza kuwa kwa sababu ya ile tarehe?”

Alikuwa amepatia kabisa. Tovuti salama hujitambulisha kwa hati ya kidijitali yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya udereva. Mashine inayoamini kwamba leo ni Januari 2008 inapooneshwa hati iliyotolewa mwaka huu, inaiona kama hati ambayo muda wake haujaanza, na inakataa. Mafundi watu wazima wamewahi kunipigia simu wakiwa wamebadilisha nyaya na kusakinisha upya programu kwa tatizo hilohilo, bila kutazama saa iliyo kwenye pembe ya kioo. Huyu binti, ambaye robo saa iliyopita hakujua kitufe cha kuwashia kiko wapi, aliunganisha mambo mawili kwa akili yake mwenyewe mara ya kwanza alipoyaona.

Nami nikamjibu: “Hiyo niachie mimi.”

Nimewahi kukosea mengi katika kazi hii, nimewahi hata kufuta taarifa za mwalimu mwenzangu kwa kuchagua diski isiyo yenyewe, lakini sidhani kama nimewahi kusema neno baya zaidi katika chumba kile kuliko hilo. Sikumkemea wala sikumdharau. Nilimfunga mlango kwa sauti ya upole, na yeye akaitikia “sawa mwalimu”, akarudi kukaa mikono mapajani.

## Betri iliyokufa kwa kutunzwa

Jioni ile nilifungua zile mashine tisa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo, bapa na mviringo kama sarafu, ambayo mafundi huiita kwa namba iliyochapwa juu yake: CR2032. Namba hiyo ni vipimo tu, kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ikiwa mpya ina volti 3, na kazi yake ni kuifanya saa ya ndani iendelee kutembea mashine ikiwa haina umeme. Nilizipima moja moja kwa mita. Zote zilikuwa zimeshuka mno.

Nilikuwa nimezibadilisha miaka miwili iliyopita. Betri ya namna hiyo hutarajiwa kudumu miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Nikajiuliza kwa nini zetu zinakufa mapema, na jibu lilipokuja nilikaa chini.

Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa kwenye soketi yenye umeme, pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani yake, huendelea kupeleka umeme kidogo kwenye madabodi, yaani bao kuu la kompyuta, na umeme huo ndio unaoendesha saa. Betri inapumzika. Ukikata umeme wote ukutani, mzigo unahamia kwenye betri. Mimi nilikuwa nikizima swichi kuu kila jioni, kila mwisho wa wiki, na likizo zote za Juni na Desemba, nikiamini ninazilinda mashine dhidi ya radi na umeme unaoruka. Hofu ya radi ni ya kweli, na anayeishi chini ya mlima huu anaijua masika yake. Lakini nilikuwa nikizima hata katika miezi ambayo mbingu ni kavu na Kibo kinaonekana wazi kutoka asubuhi hadi jioni.

Ikawa kama uzi unaovutwa, kila nilichogusa kikaja na kingine. Zile UPS ambazo hazikubeba hata dakika moja zina betri za risasi na asidi, na betri ya aina hiyo ikikaa muda mrefu bila chaji, chumvi ya salfeti hugandamana kwenye sahani zake hadi isiweze kupokea chaji tena. Likizo ya Desemba, wiki baada ya wiki bila umeme, ndiyo iliyoziua. Nilikuwa nimeandika kwenye taarifa ya vifaa kwamba zimeharibika “kwa uchakavu”.

Uchakavu wa nini, ikiwa zilikuwa hazitumiki?

Kwa miaka minne nimekuwa nikijaza taarifa ya vifaa yenye safu tatu: nzima, mbovu, zilizohifadhiwa stoo. Mimi mwenyewe nilijipima kwa safu ya kwanza, na njia rahisi ya kuifanya safu ya kwanza iwe kubwa ni kuwazuia watu wasiziguse. Hakuna safu inayouliza mashine imetumika saa ngapi, na nani, na kwa kufanya nini. Wala sikuwahi kuwaza kwamba ingefaa iwepo.

## Kibandani karibu na Mbuyuni

Ninapowaza jinsi nilivyojifunza mimi, aibu inaongezeka. Sikujifunzia darasani. Nilimaliza kidato cha nne bila kushika kompyuta, kisha nikakaa nyumbani, na mama akanipeleka kwa jamaa wa kijijini kwetu aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio, pasi na baadaye kompyuta, si mbali na soko la Mbuyuni. Nilimwita baba mdogo ingawa undugu wenyewe ulikuwa wa mbali.

Wiki ya pili niliunguza pawa saplai. Zile za zamani zilikuwa na kiswichi chekundu nyuma chenye kuchagua volti 115 au 230, na iliyoletwa siku ile ilikuwa imewekwa 115, kwa matumizi ya nchi kama Marekani. Niliichomeka kwenye umeme wetu bila kutazama. Ulitokea mlipuko kama wa fataki, moshi ukajaa kibandani, na mteja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akatoka mbio. Nilijua nimefukuzwa. Nilianza hata kukusanya shati langu.

Baba mdogo alichomoa waya, akasubiri moshi utoke, akaniwekea ile pawa saplai mbele yangu pamoja na bisibisi. Akasema tuiache itulie hadi kesho, kwa maana ndani mna vitunza umeme vinavyoweza kukurusha hata waya ukiwa umechomolewa. “Kesho uifungue. Hiyo sasa ni ya kwako.”

Niliifungua. Nikaona kitunza umeme kilichopasuka kifua, nikaona fyuzi iliyokuwa nyeusi, na tangu siku hiyo sijachomeka kifaa chochote bila kusoma kilichoandikwa nyuma yake. Aliilipa ile pawa saplai kwa mteja kutoka mfukoni mwake. Hakunikata fedha, na hakuwahi kulitaja tena.

Kibanda chake hakikuwa na kufuli mbili. Kilikuwa na mlango wa bati, na ndani yake vitu vyote vilikuwa wazi vikiwa na matumbo nje.

## Hofu ninayopaswa kuitaja

Hata hivyo sikutaka kujidanganya kwamba suluhisho ni kufungua mlango tu. Baba mdogo alikuwa na mwanafunzi mmoja, mimi nina mamia. Mashine ikifa kwetu, nyingine haitoki popote hadi wafadhili wakumbuke au bajeti ipite, na fedha za bajeti hiyo zinatoka kwa wazazi ambao baadhi yao wanauza ndizi na parachichi ili kulipa. Mzazi wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kilichotokea kwa kifaa alichokichangia.

Tena kuna jambo lililotokea mwaka wangu wa kwanza kazini. Vipande viwili vya RAM viliibwa ndani ya mashine mchana kweupe, katika wiki ambayo chumba kilikuwa wazi kwa mazoezi. Niliitwa ofisini, nikaandika barua ya kujieleza, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiingia chumba cha walimu nikihisi kwamba mazungumzo yamebadilika. Aliyeiba hakujulikana. Kufuli ya pili niliinunua wiki iliyofuata kwa fedha zangu.

Kwa muda mrefu nimesema kwamba kufuli ile ni kwa ajili ya kulinda mali ya shule. Nilipokaa na daftari langu wiki zile, nililazimika kukiri kwamba ilikuwa ikinilinda mimi dhidi ya barua ya pili. Hizo ni sababu mbili tofauti kabisa, na nilikuwa nimezichanganya hadi nikashindwa kuzitenganisha.

Kuna na hofu nyingine, ndogo, ambayo si rahisi kuisema. Walimu wenzangu huniita “fundi”, wanafunzi huniita “mwalimu”, na mkataba wangu unasema mtaalamu wa TEHAMA. Katika majina yote matatu, kinachonipa heshima ni kwamba mimi najua na wao hawajui. Mwalimu wa hisabati akinijia na flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato, nikamrudishia faili zake kwa amri ya mstari mmoja iliyofichua kilichofichwa na kirusi, ananishukuru kama daktari. Ningemfundisha amri ile kwa dakika tatu. Sikuwahi kumfundisha.

## Alhamisi, saa kumi jioni

Nilikwenda kwa mkuu wa shule katikati ya Agosti. Nilimweleza kwamba stoo tuna mashine nyingine tisa zilizoandikwa mbovu, ambazo hazina thamani tena kwenye vitabu, na kwamba naomba ruhusa kuzitoa kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi wazifungue. Aliniuliza swali ambalo ningeliuliza mimi kama ningekuwa kwenye kiti chake: “Fundi, wakiumia au vikipotea vitu, nani atajibu?”

“Nitajibu mimi, mkuu.”

Alinitazama kwa muda. Aliikumbuka barua ile, naamini. Akasema niandike.

Alhamisi ya kwanza walikuja 19. Nilikuwa nimeandaa somo zuri kuhusu sehemu za kompyuta, lenye michoro, nikaliacha mezani. Niliwaambia wafanye jambo moja: wafuatilie umeme kwa vidole kutoka swichi kuu ya ukutani, kwenye soketi, kwenye UPS, kwenye kiswichi kilicho nyuma ya boksi ambalo sote tunaliita CPU, hadi kitufe cha mbele, kisha wawashe. Lilichukua karibu saa nzima. Kikundi kimoja kilikaa dakika kumi kikibonyeza kitufe cha mbele huku kiswichi cha nyuma kikiwa kimezimwa, nami nilishika meza kwa mikono miwili nisije nikawaonyesha. Walipokipata walipiga kelele kiasi kwamba mlinzi alichungulia dirishani.

Wiki ya pili tulifungua. Wiki ya tatu kulikuwa na mashine inayotoa milio mirefu ya kurudiarudia bila kuonyesha kitu, na hapo ndipo nilipowaonyesha jambo ambalo baba mdogo alinionyesha: kuchomoa kipande cha RAM, kusugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, kukirudisha hadi kilie “tak” pande zote mbili. Mvulana mmoja akatoa ufutio kwenye mkebe wake wa hisabati. Mashine iliyokaa stoo miezi 14 ikiitwa mbovu iliwaka kwa ufutio uliokuwa darasani muda wote.

Yule binti alikuja mara mbili tu, kwa sababu kidato cha nne wanajiandaa na mtihani na mwalimu wa taaluma anawahitaji jioni. Sina la kumlaumu. Mara ya pili nilimpa betri mpya ya CR2032 na bisibisi, nikamwomba anieleze tatizo lile la tarehe, yeye anieleze mimi. Alieleza. Alipofika kwenye suala la hati ya tovuti alikosea kidogo, akajisahihisha mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi kwa neno nililomwambia Jumanne ile, lakini nilihofu kwamba angeona aibu yangu kuwa mzigo wake, nikanyamaza. Bado sijui kama nilifanya sawa.

Haya yamekuja kwake zikiwa zimebaki wiki chache tu za shule. Wapo waliomtangulia, vidato vya nne vitatu kamili, walioondoka chumbani mwangu bila hata hizo Alhamisi mbili. Wengine ninakutana nao mjini, kwenye maduka ya simu Double Road, kwenye foleni za benki. Wananiamkia vizuri, “shikamoo mwalimu”, nami naitikia.

## Taarifa ya Septemba

Vitu vimeharibika. Soketi moja ya diski imevunjika meno, kishikio cha RAM kimekatika, na kibodi moja imemwagiwa maji na mtu ambaye hakupaswa kuingia na chupa. Kuhusu viatu sijabadili mawazo, maana vumbi la Moshi la miezi hii linajulikana na kila anayefua sare nyeupe. Swichi kuu siizimi tena usiku wa kawaida. Nimemwomba mlinzi anipigie simu ngurumo zikianza, na vuli ikija nitajua kama mpango huo unafaa au nimeongeza hatari.

Jumanne asubuhi siwashi tena. Wanafunzi wanaingia kwenye chumba kimya, wanawasha wao, na zile dakika tano za kusubiri mwalimu wa somo amezikubali kwa shida; anazitumia kuuliza maswali ya kipindi kilichopita. Tunapoteza muda, hilo ni kweli, na ananikumbusha kila wiki.

Mwisho wa Septemba nilijaza taarifa ya vifaa. Nzima: 28, kwa kuwa mbili zimetoka stoo zikiwa zinafanya kazi. Mbovu: vifaa vitatu vipya, na mbele ya kila kimoja nimeandika kilivunjikaje, siku gani, na kwamba kilivunjikia mikononi mwa wanafunzi nikiwa nimesimama hapo. Upande wa kulia wa karatasi nilichora safu ya nne kwa rula na kalamu, nikaandika saa ambazo kila mashine imetumika.

Niliiwasilisha Ijumaa. Bado sijaitwa ofisini.